Maisha ya Mwalimu Yumba, Aliyefundisha kwa Kuanguka

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi wazazi na watoto wa darasa la Alhamisi na Jumamosi, familia imeniteua mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee historia ya maisha yake, na kabla ya kunikabidhi kipaza sauti hiki shemeji yangu ameniomba mbele ya mashahidi nisitanie, nami nimekubali, ila mnaonijua mnajua kwamba kuniambia mimi nisitanie ni sawa na kumwambia mtu asipige chafya, atajitahidi sana, lakini macho yatamtoka. Mlioko mstari wa mbele mnaona vumbi la chaki kwenye goti la suruali yangu, na suti ni hii hii moja, msidhani nimekosa adabu au nimekosa pasi, vumbi hili limo ndani ya historia hii na nitalifikia kwa mpangilio. Vilevile wapo wazee wangu ambao tangu jana wananiuliza kwa nini mazishi yamewekwa saa tisa alasiri, na jua hili, badala ya asubuhi kama wanavyozikwa watu wengine, nao nawaomba wavute subira, jibu nimelibeba.

Marehemu dada yetu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Februari 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, na mama yetu, mpishi wa bweni la wasichana. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, hakushika ukuta, hakuyumba, alisimama tu akaenda, kama mtu mwenye safari yake na aliyekwisha chelewa. Mimi nilizaliwa mwaka 1970 na nilitembea baada ya mwaka mmoja na nusu, na hatua yangu ya kwanza iliishia ndani ya beseni la nguo. Nalitaja hili si kwa kujipenda, bali kwa sababu kazi yote aliyokuja kuifanya marehemu katika maisha yake, mwenyewe alikuwa akisema, ilianzia kwenye beseni hilo.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1971, akamaliza mwaka 1977, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1978 hadi 1981, na katika miaka hiyo yote alikuwa akirudi nyumbani na matokeo mazuri mkono mmoja, na mimi mkono wa pili. Nilikuwa mtoto ambaye kila nilichoshika kilivunjika, vikombe vya nyumbani nilivimaliza vyote mpaka shangazi akawa akija kututembelea anakuja na kikombe chake ndani ya mkoba, na darasani nilikaa kama mtu aliyekalia siafu, mwalimu akinieleza jambo mimi nasikia neno la kwanza na la mwisho, la katikati limeshachukuliwa na ndege aliyetua dirishani. Viboko nilipata, majina nilipata, mzembe, mtundu, kichwa maji, na baba yetu, Mungu amrehemu, alijiuliza kwa sauti mezani kama huyu atakuja kushika kazi gani maana hata kijiko hakishiki.

Dada hakujiuliza. Kila alasiri akitoka shule alinipeleka kwenye ukingo wa mfereji uliopita nyuma ya karakana, ukingo wa saruji, mwembamba, akanipandisha juu, yeye akashika mkia wa shati langu kwa nyuma, na akanitembeza kutoka kwenye bomba hadi kwenye daraja dogo, huku watoto wengine wakitucheka. Niliangalia miguu, nikaanguka, tukaanguka wote, tukapanda tena. Alikuwa na neno moja tu kwangu, "Angalia mbele, miguu iache," na kwa neno hilo, wala si kwa kiboko cha mtu yeyote, nilifika siku moja kwenye daraja bila shati langu kushikwa, na sikuwa najua kwamba ameliachia.

Baada ya kumsaidia mama jikoni kwa mwaka mmoja, marehemu alijiunga na chuo cha afya mwezi Machi 1983, akasomea fiziotherapia, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi, akahitimu mwezi Juni 1986, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa katika hospitali ya mji, ambako alifanya kazi mpaka mwisho. Miaka ya kwanza alihudumia watu wazima, waliovunjika nyonga, waliopooza upande, madereva wa malori wenye viuno vilivyokataa kunyooka, na wagonjwa walimwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa mpole wa sauti lakini hakuwa akikubali neno "kesho". Mgonjwa akisema leo amechoka, marehemu alimwonea huruma kabisa, akamletea kiti, akamwambia apumzike vizuri, halafu akimaliza kupumzika ainue mguu.

Tarehe 16 Desemba 1989, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyeketi hapa, fundi cherehani, na namna walivyokutana ni hivi, dada alipeleka kwake gauni la kazi lipunguzwe urefu, fundi akampima akamwambia bega lake moja liko chini, naye akamjibu kwamba mgongo wa fundi mwenyewe umepinda kama ndoano kwa ajili ya hiyo cherehani, aje hospitalini amfundishe mazoezi. Mgongo ulipona ndani ya wiki, lakini mgonjwa aliendelea kuhudhuria, na kila akija anaumwa mahali papya, mpaka muuguzi mkuu akamwambia dada aolewe tu ili foleni ipungue. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kike, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1991, ambaye leo ni mhandisi wa maji, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1995, fundi wa mitambo ya sauti, ambaye ndiye aliyefunga kipaza sauti hiki na ndiye mwenye uwezo wa kukizima nikizidisha. Ameacha pia wajukuu watatu.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo wengi wenu mmemjulia. Mwaka 1996 muuguzi mkuu yuleyule alimletea mvulana wa miaka saba, si kilema, si mgonjwa, akili yake nzima kabisa, ila hawezi kufunga kifungo cha shati, hawezi kudaka mpira, hawezi kupanda ngazi bila kujigonga, na darasani umakini wake unaruka kama panzi, shule imechoka, mama yake amechoka, na mtoto mwenyewe amechoka kuliko wote ila hakuna aliyemwuliza. Watoto walimpa jina la Vifungo, na jina hilo naruhusiwa kulitaja kwa sababu mwenyewe amelikubali, yupo hapa, tutamfikia. Marehemu alimtazama akaniona mimi kwenye ukingo wa mfereji, akaomba chumba, na hospitali ikampa chumba ambacho hakuna aliyekitaka, chumba cha zamani cha kufulia mashuka, chenye dirisha moja lililo juu na sakafu ya saruji inayoinamia kwenye tundu la maji machafu. Wenzake walimpa pole, yeye akasema mteremko huo ni kifaa cha bure. Akachora mstari wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta, akalaza ubao mrefu juu ya matofali, akapanga matairi ya zamani ya kurukia, na shemeji akashona vifuko vya kitambaa akavijaza mchanga, vya kurushiana na kudaka, na Alhamisi ya tarehe 14 Machi 1996 darasa likafunguliwa, likiwa na mwanafunzi mmoja, ambaye aligoma.

Aligoma kabisa kupanda ubao. Alikaa chini, akakumbatia magoti, na marehemu akambembeleza, akamwahidi, akamweleza, mwishowe akapanda yeye mwenyewe ili amwonyeshe jinsi ilivyo rahisi, na kwa kuwa alikuwa akigeuka nyuma kumtazama mtoto, alikanyaga hewa, akaanguka na kukaa chini kwa kishindo, kofia yake ya kazi ikabiringika mpaka kwenye tundu la maji machafu. Kisha Vifungo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akamwambia si hivyo, umeangalia pembeni, akainuka, akapanda ubao ili amwonyeshe mwalimu kosa lake, akatembea mpaka nusu kabla ya kukumbuka kwamba yeye ni mtoto asiyeweza.

Kutokana na kishindo hicho ilizaliwa namna yake ya kufundisha, ambayo wageni waliiona kama wazimu. Katika darasa lile mwalimu ndiye anayekosea na mtoto ndiye anayesahihisha, na sharti ni moja, husahihishi kwa mdomo, unasahihisha kwa mwili, ukisema si hivyo, basi panda uonyeshe. Kila zoezi jipya marehemu alilianza kwa kuliharibu, alidaka kifuko kwa kifua, alirukia tairi akatua nje, kwenye mchezo wa kusimama ghafla kengele ikilia yeye aliendelea kutembea akagonga ukuta, na watoto wakafa kwa kicheko, wakabishana, wakajipanga kumwelekeza, na katika kumwelekeza mikono yao na miguu yao ikaanza kusikilizana, na mtoto ambaye shuleni hakuweza kutulia dakika mbili akawa anamkodolea macho mwalimu asije akakosea bila yeye kuona. Walimwita Mwalimu Yumba. Mwanamke aliyetembea na miezi tisa bila kushika ukuta, akawa maarufu mji mzima kwa kuanguka.

Hakuwahi kujigamba kwamba anaponya, na nalisema hili kwa sababu angetaka lisemwe. Wazazi walipokuja na matumaini makubwa kuliko mizigo yao, aliwakalisha akawaambia kwamba wengine hupiga hatua kubwa, wengine ndogo, wengine hubaki karibu palepale ila wanaacha kujichukia, na kwamba mazoezi hayachukui nafasi ya daktari wala ya mwalimu wa shule. Lakini hakuna mtoto aliyemfukuza, na hakuna Alhamisi aliyoifuta, siku mvua ilipong'oa mabati alifundisha kwenye ujia wa wodi, na siku ya harusi ya binti yake, ambayo iliangukia Jumamosi, bibi arusi alisubirishwa mpaka mama amalize darasa, na mama akafika kanisani na chaki kwenye nyusi.

Mimi wakati huo nilikuwa natembea dunia, kama mnavyojua mimi ni fundi wa lifti, nimekwenda nchi nyingi na katika kila nchi nimeona zaidi sehemu ya ndani ya shimo la lifti, naweza kuwaeleza tofauti ya giza la mji mmoja na la mwingine. Kila likizo nilipita darasani kwake, na kila nilipopita alinitambulisha kwa watoto kama mwanafunzi wake wa kwanza ambaye hajahitimu, halafu ananirushia kifuko, nami nakiangusha, na watoto wanaridhika.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 marehemu alianza kuanguka zaidi. Sote tuliona na sote tukacheka. Alimwaga chai mezani, shemeji akasema kazi imemfuata nyumbani, alipishana na mlango wa kanisa akagonga fremu, mwanakwaya mmoja akamwambia Mwalimu, leo si Alhamisi, na mimi nilipokuja mwezi wa tano akanidondoshea sahani miguuni nilimpongeza kwamba sasa anaigiza hata bila watazamaji. Ndivyo tulivyokuwa, mtu aliyekuwa ametufundisha kwa miaka ishirini na sita kwamba kuanguka kwake ni mchezo, nani angedhani kwamba safari hii mchezo umekwisha, na yeye mwenyewe, kama alivyokuja kukiri, alijificha ndani ya mchezo huo, kwa sababu palikuwa pahali pazuri pa kujificha.

Aliyeona ni msichana mmoja wa darasa lake, wakati huo ana miaka minane, tunamwita Kimulimuli, kwa kuwa anawaka hapa anazimika anawakia kule, mtoto ambaye shule tatu ziliandika kwamba hawezi kuwa makini na jambo lolote. Jumamosi moja ya mwezi Juni, baada ya darasa, alimfuata mama yake kwenye lango la hospitali, akamwambia maneno ambayo mama huyo aliyapeleka kwa shemeji yangu jioni ileile, akilia, na shemeji akanipigia simu nikiwa nchi ya mbali juu ya paa la jengo refu, nikakaa chini. Mtoto alisema, "Mwalimu akikosea kwa makusudi, kwanza anatuangalia sisi. Siku hizi anaangalia miguu."

Jumatatu ya tarehe 18 Julai 2022, daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, baada ya vipimo, alimweleza marehemu kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo wake, ile inayopatanisha mwendo wa mwili, inasinyaa polepole, kwamba dawa ya kuizuia haipo, na kwamba miguu itatangulia, mikono itafuata, na sauti itakuja mwisho. Daktari ameniambia kwamba wagonjwa wengi huuliza wamebakiza muda gani, lakini huyu aliuliza kama mazoezi yatamdhuru, alipojibiwa kwamba hayatamdhuru, na pengine yatamsaidia kushikilia alichonacho kwa muda, alisema vizuri, maana Alhamisi anao watoto kumi na wanne.

Alhamisi hiyo aliwakalisha sakafuni akawaambia ukweli wote, kwa maneno yao, kwamba ile kengele iliyo kichwani mwake inayowaambia miguu na mikono iende pamoja inachakaa, kwamba sasa akianguka ataanguka kweli, na kwamba anaomba wamfanyie yeye kile alichokuwa akiwafanyia wao. Mmoja akauliza kama bado inaruhusiwa kucheka. Akajibu kwamba ni lazima.

Lakini mwishoni mwa mwaka huo mkuu mpya wa hospitali, ambaye yupo hapa na ameniruhusu niseme, alipita akaona mwalimu wa miguu inayotetemeka akiongoza watoto juu ya ubao, akasema, na kwa haki kabisa, kwamba mtu asiyeweza kusimama hawezi kubeba dhamana ya watoto, na kwamba chumba hicho kinahitajika kwa ajili ya vitanda. Darasa lingefungwa mwisho wa mwezi Februari. Sisi nyumbani tulimwambia dada apumzike sasa, amefanya ya kutosha, na nakumbuka alivyotuangalia mmoja mmoja, kama wagonjwa waliosema "kesho". Alituma ujumbe kwa mkuu kwamba kuhusu hatari ana haki, kuhusu chumba pia pengine ana haki, ila asifunge darasa ambalo hajaliona, aje Alhamisi, akae kwenye benchi.

Mkuu alikuja, tarehe 9 Februari 2023, siku ambayo marehemu alitimiza miaka hamsini na tisa. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi hilohilo. Marehemu aliegemeza fimbo yake ukutani, akapanda ubao, akaanguka juu ya godoro, mwanguko mbaya, usio na kichekesho chochote. Mkuu akanyanyuka kwenda kumshika, na Kimulimuli akamzuia kwa mkono, akamwambia kwa upole, "Usimshike, mzee, bado hajamaliza." Kisha akapanda ubao yeye, mikono ameitandaza, macho kwenye komeo la dirisha, akatembea mpaka mwisho, akageuka, akamsubiri. Marehemu akatambaa, akapanda, akatafuta lile komeo kwa macho, akaanguka, akapanda, wengine wakamsimamia huku na huku bila kumgusa, kama alivyowafundisha, na safari hiyo alifika katikati ya ubao, akaketi juu yake, jasho linamtiririka, akamgeukia mkuu. Akasema, "Mkuu, hawa wote niliwaigizia tangu siku ya kwanza. Leo wananifundisha kweli, na wanajua kwamba ni kweli. Wewe ni daktari, niambie kati yetu nani anapata tiba."

Kimulimuli alimwalika mkuu naye apande, ikabidi avue viatu, soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na daktari mwenye shahada zake zote alisimama kwa mguu mmoja, akipepesuka, akiambiwa na mtoto wa darasa la tatu kwamba aangalie mbele, miguu aiache. Chumba kilibaki. Mkuu aliweka masharti, magodoro yaongezwe, na msimamizi awe mtaalamu mwenye afya, naye akapatikana bila kutafutwa mbali, maana yule Vifungo aliyegoma mwaka 1996 alikuwa ameshasomea fani hiyohiyo na kurudi kufanya kazi katika hospitali hiyohiyo, anafunga vifungo vyake mwenyewe kila asubuhi, isipokuwa leo amepishanisha kimoja, na hakuna aliyemwambia kwa sababu sote tunajua sababu. Marehemu aliyakubali masharti yote, ila alipoambiwa kwamba cheo chake sasa kitakuwa mwalimu mwalikwa, alisema hajawahi kusikia mtu anaalikwa jikoni kwake.

Miguu ilimwacha mwaka 2023, kama alivyoambiwa, na mwanzoni mwa mwaka huu alianza kutumia kiti cha magurudumu, ambacho watoto walikifanya kifaa, mmoja akisukuma kwa kufuata mstari wa chaki na wengine wakimkagua, wala hakukosa darasa. Mikono ilipomwacha, walimwekea kifuko kwenye paja naye akakisukuma kwa kiwiko, wakadaka. Sauti ilipoanza kuondoka na sisi wakubwa tukawa tunaitikia ndiyo kwa kila kitu bila kumwelewa, watoto hao wanaosemwa kwamba hawasikilizi walikuwa wakimsogelea, wakamtazama midomo, wakamwambia hatujaelewa, rudia, naye akarudia, akafurahi. Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba alihudhuria darasa lake la mwisho. Tarehe 4 Novemba alilazwa kwa homa ya mapafu, na siku ya Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, saa moja asubuhi, akiwa na mume wake na watoto wake wawili, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini.

Siku mbili kabla, kwa sauti iliyobaki, alimwagiza mume wake jambo moja, na shemeji alilirudia nyuma yake neno kwa neno mpaka dada akaitikia kwa kichwa kwamba amesikika sawasawa, kwamba asizikwe wakati wa darasa. Wazee wangu, jibu lenu ni hilo. Leo ni Jumamosi, asubuhi kulikuwa na darasa.

Nami niliingia humo saa nne, si kwa nia njema, nilikuja na kijana wa lori kuchukua haya mabenchi mliyoyakalia, nikasimama mlangoni na suti yangu. Watoto wote walikuwepo, hakuna aliyekuwa anacheza. Vifungo alikuwa amepanda ubao ili akosee, kama mwalimu wake, akakosea, akaanguka, lakini anajua mno, hata kuanguka kwake kulikuwa na utaalamu, na watoto hawadanganyiki, walimtazama tu, mmoja akaanza kulia. Akajaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Nikaona kwa macho yangu darasa la miaka ishirini na minane likikaribia kuishia pale, siyo kwa amri ya mkuu, wala kwa kukosa chumba, bali kwa kukosa mtu wa kuanguka.

Kimulimuli akageuka akaniona mlangoni. Ana miaka kumi sasa. Akasema, "Mjomba, panda wewe." Nikamwambia mwanangu, mimi ninakwenda kuzika, nimevaa suti, na magoti yangu ni ya uzee. Akaniambia, "Mwalimu alisema wewe huhitaji kuigiza."

Nikavua viatu. Nimepanda juu ya majengo ambayo mawingu yanapita chini yake, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa ule ubao ulio juu ya matofali mawili. Niliangalia miguu, nikaanguka vizuri kabisa, kwa goti, juu ya mstari wa chaki, na watoto wakacheka, wakabishana, wakanizunguka, mtoto aliyekuwa analia ndiye aliyepanda wa kwanza kunionyesha, na Kimulimuli akaniambia nisiangalie miguu, niangalie lile komeo la dirisha. Nikaliangalia. Nilihisi kama mtu ameshika mkia wa koti langu kwa nyuma, nikafika katikati, nikaanguka tena, wakakubaliana kwamba bado nusu, nirudi Alhamisi. Lifti zina mafundi wengi, na nimekwisha wapigia simu waajiri wangu. Alhamisi nitakuwepo.

Kwa niaba ya familia, napenda kumshukuru daktari bingwa aliyemweleza dada ukweli na hakumkimbia baada ya kumweleza, wauguzi wa wodi namba mbili waliomgeuza kitandani kwa upole siku zote tisa, mkuu wa hospitali, ambaye tangu siku ile huvaa soksi nzima, wafanyakazi wenzake wa kitengo cha mazoezi, majirani waliopika, waliolala chini ukumbini kwetu na kutuazima kila sufuria waliyonayo, na wazazi waliotukabidhi watoto wao. Watoto, ninyi sitawashukuru kwa maneno, mmesema wenyewe husahihishi kwa mdomo.

Dada, ulinishika shati mpaka nikafika kwenye daraja, ukaliachia bila kuniambia, na leo nimejua tena baadaye. Wewe ambaye hukukubali neno "kesho" kwa mtu yeyote, kwa leo hii kubali kiti tulichokuletea, keti, pumzika kwa amani, darasa litaendelea, wa kuanguka amepatikana.